Majani ya Mke Wangu Uwanjani Bangwe

Kwetu Ujiji mwanamke hupimwa kwa uwanja wake. Mama yangu aliamka kabla ya adhana, akachukua ufagio wa chelewa, akainama, na kulipokucha uwanja ulikuwa mtupu, mwekundu, una mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Jani likiota karibu na mlango hung'olewa. Jani ni uvivu, jani ni nyoka, jani ni nyumba isiyo na mtu. Hayo nimeyanyonya, sikuyasoma, maana shule yenyewe niliishia darasa la tatu, nikaenda Katonga kuanika dagaa. Dagaa nao huanikwa mahali palipofagiwa. Mtu akikuuzia dagaa wenye mchanga, usigombane naye, jua tu mkewe ana ufagio mbovu. Lakini nilikuwa nasema habari ya uwanja.

Mke wangu hakuwa wa huku ziwani. Alitoka Manyovu, kwenye milima na baridi, ambako ukungu unakaa mpaka watu wanakwenda shamba hawaonani. Tulipojenga Bangwe, mtelemkoni juu ya ziwa, alifagia kama wifi zake wanavyofagia. Alifagia miaka mingi. Kisha masika moja akaniita nyuma ya nyumba, akanionyesha msingi. Mawe ya msingi yalikuwa nje, yananing'inia kama meno ya mzee, na chini yake mkono unapita.

"Ninyi watu wa Ujiji," akasema, "mnaifagia nyumba yenu kuelekea ziwani."

Nikacheka. Baadaye sikucheka. Kila asubuhi ufagio unalegeza udongo, kila masika mvua inauchukua. Ziwa lenyewe miaka hii limepanda, limezila nyumba za majirani wa kule chini, nasi huku juu tunalipelekea udongo wetu kwa mikono yetu.

Alipokwenda kwao kuzika shangazi yake, alirudi na gunia lililoloana, amelipakata kwenye gari njia nzima kama mtoto. Ndani mlikuwa na majani madogo, kila kikonyo kina vijani vitatu vya mviringo, na kila kijani kina mstari mweupe kama umechorwa kwa chokaa. Mtu wa kilimo aliyepita siku moja alisema yanaitwa klova. Kwao Manyovu yanaota yenyewe kando ya njia, ng'ombe wanakula. Mke wangu hakuwa na ng'ombe. Alitaka yatambae uwanjani, yashike udongo, na pia, alisema, apate kitu cha kutazama.

Joto letu hayakulipenda. Ya kwanza aliyoyapanda juani yalikauka kama tumbaku. Yaliyobaki akayahamishia upande wa mlangoni, kwenye kivuli cha mchikichi, akawa anayanywesha maji ya kusuuzia vyombo. Yakashika. Yanatambaa chini kwa chini, yanatia mizizi kila kifundo, mpaka ukawa mkeka wa kijani wenye maua meupe, na nyuki wakaja. Aliyazuia yasivuke kwenye njia ya wageni, na kingo zake alizikata kwa kisu cha jikoni.

Dada yangu, mdogo wangu wa tumbo moja, anakaa Kasingirima. Uwanjani kwake unaweza kumwaga wali ukaula. Alipokuja akasimama kwenye njia, mikono kiunoni.

"Kaka, mmenunua ng'ombe hamkutuambia?"

"Ng'ombe ni wewe, wifi," mke wangu akajibu kutoka jikoni. "Karibu ule."

"Nitakula nikishafagia. Nyoka akikuuma usinitume kwa daktari."

Ndivyo walivyokuwa. Walitaniana hivyo mpaka nyama ikaiva, na wakala sinia moja.

Kisha mke wangu akaanza kuvimba miguu. Hospitali walisema moyo umetanuka. Miguu ilikuwa inang'aa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Asubuhi ananiamsha kwa Kiha, "Mwakeye," nami naitikia ingawa Kiha changu ni cha sokoni, halafu ananishika bega tunatoka mpaka pale mlangoni. Anakaa kwenye kigoda, anavua kandambili, anaweka miguu juu ya yale majani yangali na umande. Anafumba macho. Alisema hapo ndipo miguu inapokumbuka Manyovu. Dawa alikunywa, sisemi majani yalikuwa dawa. Nasema tu kwamba uso wake ulikuwa unapumzika pale kuliko mahali pengine popote.

Alilazwa. Nami nikawa nalala nje ya wodi na ndugu wa wagonjwa wengine. Alipopata nafuu wakasema atarudi nyumbani, nikatangulia kumwandalia kitenge safi. Alichoniagiza kilikuwa kimoja: niangalie majani kama hayajakauka, maana anataka akishuka tu aweke miguu.

Nilipopanda mtelemko niliona wekundu kabla sijaona mlango.

Dada yangu alikuwa amekuja na wanawake wa kwake, na majembe. Kwetu mgonjwa hapokelewi kwenye uwanja mchafu, watu watasema amekosa ndugu. Walikuwa wamekwatua kila kitu, mlangoni mpaka mchikichini, wakafagia, wakanyunyiza maji vumbi litulie. Mistari ya ufagio imenyooka. Dada yangu jasho linamtoka, umri ule, mgongo ule.

"Sasa nyumba ina watu, kaka."

Mtu ameuinamisha mgongo wake kwa ajili yako. Nikasema asante. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na kile kitenge mkononi, nikawaza miguu yake itawekwa wapi.

Mke wangu akaja na bajaji. Nilimwambia dereva asogee mpaka mlangoni, nikidhani nitampitisha haraka. Lakini yeye alikuwa ameshavua kandambili humo humo. Akashusha mguu. Mguu ukagusa udongo, ukakaa pale. Akatazama kulia, akatazama mchikichi. Wanawake walikuwa wamejipanga wanangoja kusifiwa.

"Asante, wifi," akasema. "Umechoka."

"Sijachoka. Pole na safari."

"Uliyatupa wapi?"

Dada yangu hakuelewa upesi. Akaonyesha shimo la taka. Alikuwa ameyarundika yakauke ayachome. Kisha akautazama ule mguu uliovimba uliokanyaga udongo mtupu, akanitazama mimi, na kanga ikamteleza begani asiiokote.

"Wifi, nilidhani nakusaidia."

"Umenisaidia. Sasa nisaidie tena, chini ya rundo hayajakauka."

Hakuna aliyeingia ndani kula. Mke wangu alikaa kwenye kigoda, na dada yangu, mwanamke asiyevumilia jani, akapiga magoti kwenye uwanja alioufagia mwenyewe akawa anapanda. Juu ya rundo yalikuwa yamenyauka, katikati bado yana ubaridi. "Kifundo kiingie ardhini," mke wangu anamwambia. "Usikizike, kilaze."

"Kama mtoto?"

"Kama mtoto wa mwenzio. Wako unawabwaga tu."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikwenda kuteka maji.

Mvua za vuli zikayakuta. Yaliota kwa viraka, kama ndevu za kijana. Kiraka cha mbele ya kigoda kilijifunga kwanza, na miguu yake ikapata mahali. Haikuwa muda mrefu. Mungu alimchukua masika, maua yametoka.

Msiba ulipojaa, jirani mmoja mwema alikuja na jembe kuandaa mahali pa kukaa wanawake. Nilikuwa upande wa wanaume, kwenye mabenchi. Nilimwona dada yangu ananyanyuka katikati ya kilio chake, anakwenda kuushika mpini.

"Hapo acha," akasema. "Leta mikeka."

Wakatandika mikeka juu ya majani, wakakaa, wakalala hapo matanga yote. Watu walipoondoka tukakunja mikeka. Chini yake majani yalikuwa yamelala, yamekuwa manjano, na unaona wazi kila mkeka ulipokuwa, pembe kwa pembe.

Dada yangu anakuja kila baada ya sala ya Ijumaa. Anafagia njia ya wageni, akifika ukingoni anasimamisha ufagio, anamalizia kwa mkono. Yale ya manjano yanarudi polepole, yanaanzia pembeni. Umbo la mkeka aliokalia yeye mwenyewe siku za matanga bado linaonekana. Jana nilitaka kulinywesha maji, akanikataza. Akasema liache, kaka, litafunga lenyewe.