Dobi Aliyemaliza Kozi Zote

Huyu dobi msimdharau kwa kuwa ananuka sabuni. Kichwani ana kozi nyingi kuliko nywele. Simu yake ilikaa kwenye rafu, imeegemea kopo la wanga, ikimfundisha kutengeneza tovuti huku yeye akinyoosha makoti ya watu. Mwalimu wa video akisema "andika hapa," yeye anakandamiza kola. Mwalimu akisema "mmeona, rahisi tu," yeye anahema, maana miguu imevimba na visigino vinawaka tangu asubuhi.

Miguu ndiyo iliyomsukuma kusoma. Hospitali walishamwambia atafute kazi ya kukaa, la sivyo mishipa itamlaza kabisa. Na kazi ya kukaa ilikuwa ng'ambo ya barabara tu: daktari wa meno alitaka mtu wa mapokezi atakayemtengenezea pia tovuti na kuitunza. Akamwambia dobi aje Jumamosi ajaribiwe.

"Ataniajiri, mjomba. Vyeti ninavyo," alisema dobi.

Mjomba wake, ambaye huja pale kuuchosha mdomo aliokatazwa kuutumia nyumbani, alicheka. "Vyeti vya bure hivyo, mpwa wangu? Hata mbuzi asiyesinzia mbele ya simu anapewa. Mimi intaneti naijua tangu haijaota meno."

"Wewe hata kufuta namba kwenye simu huwezi."

"Siwezi? Sitaki! Mimi natunza kumbukumbu, mama."

Jumamosi ikafika. Daktari akamkalisha mbele ya kompyuta ya mapokezi. "Ukurasa mmoja tu. Jina la kliniki, saa za kufungua, namba ya simu. Nang'oa jino la mtu humo ndani, nikitoka natazama."

Dobi akaweka vidole juu ya herufi, visijue pa kuanzia. Maisha yake yote ya kusoma alikuwa amejenga duka la keki, kwa sababu walimu wote wa video, sijui walikutana wapi wakakubaliana, huanza na duka la keki. Alinakili mstari kwa mstari. Mwalimu akikohoa, naye anasubiri. Leo mwalimu hayupo, na ukurasa mweupe unamkodolea macho kama mama mkwe.

Akafungua video. Tangazo. Akaifunga. Akaingia kwenye jukwaa la mtandaoni la mafundi wa tovuti, akauliza mtu anaanzia wapi. Akajibiwa na mtu asiye na sura kwamba swali hilo limeshaulizwa, asome kwanza kabla ya kusumbua watu. Akatamani arudi kwenye pasi. Pasi inaunguza, lakini haitukani.

Asome. Ilikuwapo ile tovuti ya maelezo aliyoikimbia siku zote, kwani haina sauti wala muziki, maandishi matupu kama mkataba wa nyumba. Akaifungua. Kichwa kikubwa huandikwa hivi, ilisema, na mfano chini yake. Akaandika. Jina la kliniki likatokea. Akasoma kuhusu aya, akaandika. Saa za kufungua zikaparamia jina. Akarudi kusoma, macho yakimuuma, akazishusha, kisha akabandika rangi ya nyuma aliyoikuta kwenye mfano. Chumba cha pili mgonjwa alipiga ukelele. Dobi hakugeuka.

Daktari akatoka, glavu mkononi. "Mbaya huu. Na hii rangi ni ya nini?"

"Kijani, daktari."

"Hiyo ni rangi ya usaha. Utanifukuzia wagonjwa." Akainama karibu. "Halafu Jumapili hatufungui. Ondoa."

Akaiondoa pale pale, daktari akitazama vidole vyake.

"Nani kakufundisha?"

"Nimesoma sasa hivi, hapa."

Daktari akautazama ule ukurasa wa maandishi, akakunja uso kama aliyeonja dawa. "Na unayaelewa haya?"

"Polepole."

"Haya. Nakujaribu mwezi mmoja. Anza na hiyo rangi."

Dobi alitaka kushangilia, nguvu zikakataa. Akavua viatu chini ya meza, kimoja kimoja, akaanza kutafuta maelezo ya rangi.