Bei ya Kiondo cha Waruguru

Mwaka wa tisini na tisa, juu ya duka la saruji na misumari mjini Ruiru, palikuwa na chumba chenye kompyuta nne na mwalimu aliyewahi kuuza viatu. Jina lake Tausi. Kila Jumamosi asubuhi wanafunzi kumi na wawili wa chuo kikuu walitoka vyumba vyao vya kukodi kule Kahawa Wendani, wakapanda ngazi hizo, wakajifunza kutengeneza kurasa za tovuti. Chuoni walifundishwa mambo hayo ubaoni, kwa chaki. Kompyuta zenyewe zilikuwa chache, na zilifungiwa ndani.

Tausi alizaliwa Majengo, Thika, baba Mkamba aliyesilimu na mama wa ukoo wa Wamanyema, na hakungoja mtu amsomeshe. Aliuza viatu vya mitumba sokoni Thika mpaka akachoka na mvua. Kisha akaingia katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha Irshad, akajifunza kupanga maandishi kwa kompyuta. Irshad alipoleta mashine mpya, Tausi alitaka zile za zamani. Alimwongelesha kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, mpaka Irshad akasema chukua mama, chukua zote, niache nikale.

Kutengeneza kurasa hakuonyeshwa na mtu. Muuza viatu hatazami kiatu usoni, hukipindua aone soli. Tausi naye aligundua kwamba ukurasa wowote wa tovuti unaweza kupinduliwa: unabonyeza mahali fulani, unayaona maandishi yaliyoujenga, yote, bila aibu. Akawa anapindua kurasa za watu. Alipata pia kitabu kimoja cha Kimarekani kisicho na jalada, akakisoma kama mtu anayesoma mkataba.

Darasani kwake hapakuwa na hotuba. Alipanga wanafunzi watatu kwa kila kompyuta, kama watu wa kibanda kimoja: mmoja anauza, mmoja anafunga bidhaa, mmoja anachunga wezi. Yaani mmoja aandike, mmoja amsomee, na wa tatu awinde makosa. Kila baada ya muda wanabadilishana, ili asiwepo wa kuchunga wezi muhula mzima huku wenzake wakijua kazi. Na somo la kwanza lilikuwa moja tu: kila alama unayoifungua, uifunge.

Wa kwanza kupuuza somo hilo alikuwa Bedan, kijana mrefu mwenye mdomo mwepesi. Maandishi yake yote yalitokea manene na makubwa, kutoka juu hadi chini.

"Bedan, mbona ukurasa wako unapiga kelele?"

"Hiyo ni heading, Madam."

"Heading ni kichwa tu, mstari mmoja. Yako imeanza kwa jina lako ikafika mpaka kwa sanduku la posta. Rudi ukafunge mlango uliofungua."

Wenzake wakamcheka, na siku hiyo milango yote ikafungwa.

Kazi hiyo Tausi aliipenda, lakini kupenda hakulipi kodi ya chumba. Kaka yake, Tahir, alikuwa bado anamwekea pembe ya kibanda kule sokoni Thika, na kila wiki alimtumia salamu kwamba pembe iko, viatu viko, rudi tu. Tausi alijua kwamba wanafunzi wa Jumamosi peke yao hawangemfikisha mwisho wa mwaka. Kwa hiyo aliposikia kuwa mkuu wa idara kule chuoni, Dkt. Gachau, anatafuta mtu wa kufundisha somo hilo kwa vitendo muhula unaofuata, alikwenda kumwona. Gachau alimsikiliza kwa heshima, akamwambia ukweli. Kulikuwa na kampuni moja ya Nairobi inayoitaka kazi hiyohiyo, na yeye hangemchukua mtu kwa maneno. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angekuja Ruiru aone wanafunzi wa Tausi wanaweza nini. Akiridhika, darasa ni lake. Asiporidhika, basi.

Tausi akarudi akazitazama kazi za wanafunzi wake kwa jicho jipya, na moyo ukamshuka. Kurasa zote zilikuwa nyeusi, zenye herufi za kijani zinazowaka na kuzimika, na zote zilimhusu aliyezitengeneza: shule aliyosoma, timu anayoshabikia, rangi anayoipenda. Akamuuliza Nelima, msichana makini kutoka Bungoma, ni nani atakayenunua kitu kama kile.

"Si ya kuuza, Madam. Ni ya kujieleza."

"Jieleze kwa mama yako. Yeye hana budi kukusikiliza."

Akaamuru kurasa hizo ziwekwe kando. Kila kundi liende sokoni Thika, limtafute mfanyabiashara mmoja, limtengenezee ukurasa wake. Waandike jina, bidhaa na mahali anapopatikana, na picha iingizwe kwenye kompyuta kwa mashine ya Irshad. Na bei. Hilo alilisisitiza mara nyingi. Ukurasa wa biashara usiokuwa na bei ni porojo, alisema, mteja ataufunga aende zake.

Hapo alikosea, na la ajabu ni kwamba ni yeye aliyekosea. Miaka yote aliyouza viatu, Tausi hakuwahi kuandika bei hata kwenye soli moja. Lakini kitabu kilisema bei iandikwe, nacho kilitoka Amerika, ambako watu hununua bila kusalimiana.

Kundi la Nelima lilimpata Waruguru, mama wa makamo aliyeuza vyondo, vikapu vya kusukwa kwa mkonge, karibu na lango la soko. Nelima alitaka kiondo kimoja ampelekee mama yake, kwa hiyo akaketi. Akasaidia kupanga vyondo, akaulizwa kwao ni wapi, akaulizia watoto, akaambiwa habari za mkwe asiye na shukrani. Bei ikawa inateremka polepole katikati ya mazungumzo, mpaka ikatua kwenye mia nne. Nelima akalipa, akapiga picha, akarudi Ruiru akaandika alichokijua: kiondo, shilingi mia nne.

Jumamosi yenyewe Tausi aliwaalika wenye biashara waje waone kurasa zao. Wengi hawakuja, maana nani hufunga kibanda Jumamosi? Waruguru alikuja. Alikuja na mzigo wa vyondo pia, kwa sababu Ruiru nako kuna wateja. Akapewa kiti karibu na dirisha, mzigo miguuni.

Gachau alifika katikati ya asubuhi, akakataa chai, akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Kundi la Bedan lilikuwa na fundi wa baiskeli. Ukurasa ukafunguka vizuri, picha ikatokea, maandishi yakakaa mahali pake. Gachau akainamisha kichwa kidogo kwa kuridhika. Akahamia kwa Nelima. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mia nne?"

"Ndiyo, Daktari," akasema Nelima.

"Kiondo hikihiki, cha mistari ya zambarau, mimi nimekinunua mia nane. Mwezi huu huu. Nilimpelekea mama mkwe." Akaitazama ile picha kwenye skrini, kisha akageuka polepole kumtazama mama aliyeketi dirishani. "Na muuzaji alikuwa huyu."

Tausi akaliona darasa la chuo likishuka ngazi peke yake.

Waruguru hakuinuka. "Daktari, wewe ulikuja na tai."

"Tai inahusiana vipi na kiondo?"

"Uliuliza bei, nikakwambia. Ukatoa pesa. Sasa ningefanya aje, nikatae? Nani alikukataza kuongea?" Akaelekeza kidole kwa Nelima. "Huyu alikaa. Aliniuliza watoto wangu. Tuliongea mpaka jua likahama. Ile mia nne niliyompunguzia ni ya kazi aliyofanya."

Bedan alicheka kwanza, akajifanya anakohoa. Lakini Waruguru alikuwa hajamaliza. Akamgeukia Nelima, na sasa sauti ilikuwa na uchungu wa kweli.

"Na wewe, maitũ, mama yangu, nilikupa bei yako. Yako na yangu. Umeenda kuitangazia dunia. Kesho kila mtu atakuja na mia nne mkononi, hata hanisalimii. Nitauza nini mimi?"

Nelima akamtazama mwalimu wake, na Tausi akajua kwamba kujificha nyuma ya mwanafunzi kungemgharimu zaidi kuliko kosa lenyewe.

"Si yeye, Mama Waruguru. Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Mimi niliyeuza sokoni, nikasahau soko." Akavuta kiti, akakaa nyuma ya kundi. "Nelima, itoe."

"Sasa hivi?"

"Mwenye mali yuko hapa. Unangoja barua?"

Nelima akashika kipanya. Akayafungua maandishi yanayoujenga ukurasa, na mwenzake aliyekuwa zamu ya kusoma akamwekea kidole kwenye mstari. Akaufuta. Kisha akageuka kwa Waruguru akamuuliza, kama fundi cherehani anavyomuuliza mteja, anataka paandikwe nini.

"Andika bei ni ya kuongea. Waje."

Akaandika. Akafunga kila alichofungua, akahifadhi kwenye disketi, akarudi kwenye ukurasa, akabonyeza mara moja. Mia nne haikuwepo. Waruguru aliinuka sasa, akaja karibu mpaka pua ikakaribia kioo.

"Imeisha?"

"Imeisha, Mama."

"Haitarudi usiku?"

"Hairudi."

Gachau alikuwa amekunja mikono, na hasira ya kiondo ilikuwa imempotea mahali fulani. Akauliza swali, na lilikuwa swali zuri: mteja aliye Kisumu, ambaye hawezi kuja kukaa lango la soko azungumzie wakwe, yeye ataongea na nani?

Bedan akasema aandike barua. Mwingine akasema apige simu, lakini Waruguru hakuwa na simu. Ndipo Waruguru mwenyewe akaliweka sawa. Anayetaka kiondo kimoja aje. Lakini wa jumla, anayechukua kuanzia kumi, huyo hana haja ya maneno mengi, na bei yake haimsumbui kuandikwa, mradi isiwekwe pamoja na ile ya reja reja. Nelima akafungua tena. Akatengeneza ukurasa wa pili mdogo, wa wanunuzi wa jumla, akaweka sanduku la posta, akauunganisha na wa kwanza kwa mstari mmoja wa buluu. Alipoubonyeza mstari huo haukufunguka. Aliyekuwa zamu ya kuchunga wezi akaliona kosa, jina la faili limekosa herufi moja, wakasahihisha, ukafunguka. Yote hayo Gachau amesimama nyuma yao, na hakuna aliyekumbuka kumwogopa.

Akamwita Tausi kando, mlangoni.

"Yule bwana wa Nairobi alinionyesha kurasa nzuri kuliko hizi," alisema. "Nikamwomba abadilishe neno moja. Akasema atanirudia Jumatatu."

"Alirudi?"

"Alirudi na karatasi ya gharama." Akatabasamu. "Darasa ni lako. Utaletewa wanafunzi hamsini."

Mtu mwingine angeshukuru. Tausi aliuliza kompyuta ni ngapi. Gachau akasema ni kumi, kama zote zinawaka. Tausi akasema wanafunzi hamsini kwa kompyuta kumi ni matanga, si darasa. Wagawanywe wawe makundi mawili. Gachau akasema ratiba haina nafasi. Tausi akasema ratiba ni karatasi. Wakashuka ngazi wakivutana hivyo, bila ugomvi, na walipofika chini Gachau alikuwa amekubali makundi mawili na Tausi amekubali kuyafundisha yote kwa siku moja.

"Basi Jumatatu nitamwambia karani wangu," akasema Gachau, akiutafuta ufunguo wa gari.

Tausi aliijua Jumatatu ya namna hiyo. Wateja wengi walikuwa wamemuahidi Jumatatu. Akamwambia kwamba ofisi za chuo hufungwa saa sita, na saa sita haijafika, na mwenye duka la saruji ana simu. Gachau akamtazama, akacheka, akaingia dukani.

Karani alipatikana. Alisema maabara ina nafasi Ijumaa saa saba.

"Saa saba ya Ijumaa niko kwenye swala," Tausi akasema pembeni. "Tuanze saa nane na nusu, kundi moja baada ya jingine."

Gachau akaziba simu kwa kiganja. "Saa nane wanaingia watu wa takwimu."

"Wasogee. Waambie tutawatengenezea ukurasa wao, bure."

"Na wasipokubali?"

"Watu wa takwimu, kitu cha bure? Waulize kwanza."

Gachau akalisema hilo kwenye simu neno kwa neno, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa mshangao. Wamekubali, au karani amewakubalia. Tausi akataka karani alisome jina la mwalimu kama alivyoliandika. Alisimama pale katikati ya mifuko ya saruji mpaka Gachau alipomrudishia herufi moja baada ya nyingine, zote tano, ndipo akamuaga Daktari na kupanda ngazi.

Darasani hakuna aliyekuwa kwenye kompyuta. Waruguru alikuwa ameshauza vyondo viwili, na Bedan ameketi sakafuni mbele yake, anaulizia hali ya wajukuu.