Majani ya Ukoo

Rewi alipigwa na butwaa kuulizwa habari za kondoo wake katikati ya mkutano wa ukoo pale Hokianga, chai ikimpolea mkononi. Miaka kumi na miwili alikuwa mdhamini wa ardhi ya mababu kwa niaba ya ukoo, na kondoo wake walikula majani ya hapo ambayo, kwa akili yake, yangegeuka pori bure.

"Ulimwomba nani ruhusa, baba mdogo?" aliuliza Mereana, binti wa marehemu kaka yake.

"Majani tu! Mimi mwizi, ebo?"

"Mdhamini hajinufaishi na amana, hata kwa jani moja."

"Upuuzi! Nani kasema?"

Mereana akamfungulia daftari la mikutano. Maneno yaleyale, kwa mwandiko wa Rewi mwenyewe, yaliyoandikwa siku alipomvua kaka yake huyo marehemu udhamini kwa kosa la kulisha farasi mmoja kwenye ardhi hiyohiyo.