Siku Bibi Alipomwoza Mama

Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, na tangu hapo mama akavaa sari nyeupe ya ujane. Tuliishi nyuma ya duka letu hapa Tabora, enzi za Mwingereza, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mwenye sauti nyumbani alikuwa bibi mzaa baba. Kwake yeye mjane ni nuksi. Kukiwa na harusi mtaani, mama alibaki jikoni akichambua mchele. Nilikasirika mpaka nikalia.

Kisha akaja mhubiri kwa gari la moshi. Baadhi ya Wahindu wenzetu walikuwa wameshaingia katika njia yake mpya: hawaabudu sanamu, wanasoma wenyewe Veda, maandiko yetu matakatifu, wanawake kwa wanaume, na wanauzunguka moto wakiumiminia samli huku wakiomba. Mama wa Kinyamwezi aliyetuletea samli kutoka Nzega alichungulia, akashika kichwa.

"Jamani! Samli yangu yote hiyo mnaulisha moto?"

Tulicheka sote, hata mhubiri mwenyewe.

Mhubiri alifundisha kwamba mjane naye aketi penye moto, na akipenda aolewe. Haikupita muda, karani mmoja wa reli, aliyefiwa na mkewe, akamposa mama. Bibi aliwaka.

"Anayetaka kwenda aende! Lakini mtoto wa mwanangu hatoki humu, ng'o!"

Mama akajibu taratibu kwamba bila mimi haolewi. Mambo yakakwama. Mimi nilimchukia Bibi, ingawa nililala kitandani kwake kila siku. Karani akasisitiza harusi ipangwe tu, Bibi atalainika. Mama alikubali shingo upande.

Siku ilipofika, mama aliketi mbele ya moto uani kwetu, amevaa sari nyekundu ya harusi, macho yake kwangu. Mhubiri akauliza nani anamtoa bibi harusi. Wazazi wa mama walikuwa Bara Hindi, na mzee aliyeahidi kusimama badala yao hakutokea.

Bibi akatoka jikoni, akaushika mkono wa mama, akauweka katika mkono wa karani.

"Namtoa mimi. Ana nani mwingine?"

Akanigeukia, akanivuta. Nilidhani ananirudisha ndani. Akanikalisha mapajani mwa mama.

"Na huyu mchukue," akasema, akaingia ndani peke yake.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilimlilia Bibi njia nzima mpaka nyumba za reli.