Mpiga Kasia wa Baba

Mwaka niliovunjika paja nilikuwa kidato cha pili, na nilikuwa mkimbiaji. Si mkimbiaji wa kuogopwa, maana katika mji huu wa Eldoret ukirusha jiwe linaangukia bingwa, lakini shule ilinitegemea katika mbio za mita mia nane na hilo lilinitosha. Nilianguka mazoezini, nikiteremka kilima nyuma ya shule, nikatumbukia kwenye mtaro uliofichwa na nyasi. Hospitalini walinivuta mguu kwa vyuma wiki kadhaa, kisha wakanifunga plasta kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo, wakasema nirudi nyumbani nilale.

Nyumbani kwetu palikuwa na vyumba viwili na jiko, katika ploti ya nyumba sita zilizotazama ua mmoja. Mama alikuwa mshonaji. Kitanda changu kililetwa sebuleni, karibu na cherehani yake iliyokaa dirishani, ili asihangaike kukimbia huku na huku. Baba alikuwa karani katika stoo ya nafaka huko Moi's Bridge, akija Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Zamani waliishi huko wote wawili. Kabla sijazaliwa Mama alitaka kuhamia Eldoret, Baba akabaki na kazi yake. Kwa nini, sikuwahi kuuliza. Baba hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Alikuwa akiingia anasema, "Mko?" nasi tunajibu, "Tuko," na mazungumzo ya jioni hiyo yamekwisha.

Nyumba ya tatu aliishi mwalimu mstaafu wa historia, aliyefiwa na mkewe, mtu wa upande wa Ziwa. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuja kunijulia hali, akanikuta nimekodolea macho paa.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu misumari ya mabati."

"Umefika ngapi?"

"Mia mbili na kumi na moja."

Alitikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Kesho yake alirudi na sanduku la kadibodi lililofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, ramani ya bahari iliyojaa visiwa, na dadu ambazo sikuwahi kuona mfano wake. Moja ilikuwa na pande nne kama sambusa, nyingine pande nane, nyingine ishirini. Mwalimu alinieleza kwamba ulikuwa mchezo wa hadithi za Wagiriki wa kale, na kwamba aliachiwa na mwalimu mwenzake wa kigeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao.

"Nimekisoma kitabu hiki mara tatu," alisema. "Sijawahi kupata mtu wa kucheza naye. Wenzangu wote walipenda drafti."

Mchezo wenyewe haukuwa na ubao. Mtu mmoja anakuwa msimamizi, anawasimulia wenzake mahali walipo na kinachowakabili. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, akili yake, silaha zake. Msimamizi anauliza, "Unafanya nini?" nawe unasema. Likiwa jambo gumu, unarusha dadu kuona kama umefaulu. Mtu wangu alikuwa msichana mwindaji aliyewashinda paa kwa mbio. Nadhani Mwalimu alielewa kwa nini nilimchagua huyo.

Mama ndiye aliyeweka kizuizi. Alikuwa katibu wa chama cha akina mama kanisani, na aliposikia neno "miungu" alisimamisha cherehani.

"Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini miungu, katika nyumba hii?"

"Ni hadithi tu, Mama. Kama za sungura na fisi."

"Sungura hajengewi madhabahu."

Alikichukua kitabu. Siku mbili alikisoma, mguu kwenye cherehani, kamusi mapajani. Siku ya tatu alinirudishia. "Sijaona mahali panaposema wasujudiwe. Tena wanagombana kama wake wenza. Chezeni. Lakini humu ndani hakuna kuapa kwa majina yao." Tangu hapo, kila mara mtu wangu alipolazimika kutoa sadaka kwa mungu wa bahari ili upepo utulie, sauti ya Mama ilitoka dirishani: "Mungu ni mmoja!" Nasi tulijibu, "Ni mmoja, Mama," kisha nikarusha dadu.

Shida ilikuwa kwamba kitabu kilitaka wachezaji wasiopungua wawili mbali na msimamizi, yaani Mwalimu, nami nilikuwa peke yangu. Mama alikataa katakata kucheza. Jumamosi moja mchana mvua ilinyesha ya kuziba milango, na Baba alikuwa ameketi na gazeti alilokwisha kulisoma. Mwalimu akamwambia, "Karani, hebu tusaidie. Tunahitaji mtu wa kupiga kasia."

Nilitarajia Baba akatae. Alikunja gazeti. "Anapiga kasia kwenda wapi?"

"Nyumbani. Vita vimekwisha, lakini baharini wamepotea."

"Huyo namweza," akasema Baba.

Dadu hazikumpendelea. Nguvu za mtu wake zilitoka kidogo, uzuri wake mdogo zaidi, na Mama alicheka kule dirishani. Baba hakujali. Aliandika karatasi yake kwa hati nzuri ya karani, na kila Jumamosi baada ya chakula alisogeza kiti kando ya kitanda changu bila kuitwa. Nilianza kumsikia baba ambaye sikumjua. Mpiga kasia wake alibishana na nahodha. Alimdanganya mchawi aliyegeuza watu nguruwe, akamwambia kwamba kwao nguruwe huliwa siku hiyo hiyo, hivyo asijisumbue. Aliliua joka la vichwa vingi kwa kulifunga vichwa pamoja kama anavyofunga magunia, na akatuonyesha fundo lenyewe kwa kamba ya viatu vyake. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na sikumbuki kama Baba aliwahi kunichekesha kabla ya hapo.

Kisha tukafika nchi ya wafu.

Hadithi ilidai twende huko, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani ilijulikana na nahodha mmoja tu, naye alikuwa amekufa. Mwalimu alitusimulia pwani yenye ukungu na shimo tulilochimba kwa panga. Kila mmoja alitakiwa kumimina maziwa na asali mle shimoni, ndipo mfu anayemjua amjie. Nilimimina wa kwanza. Nikasema nimejiwa na bibi mwindaji aliyenifundisha kukimbia, nikambunia sauti ya kukwaruza, tukaendelea.

"Mpiga kasia," akasema Mwalimu, "nawe umemimina. Kuna mtu anatoka kwenye ukungu. Ni nani?"

Baba alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini.

"Ni mtoto."

"Mtoto wa umri gani?"

"Miezi kumi na mmoja. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti."

Cherehani ilinyamaza. Mimi sikuelewa chochote. "Lakini Baba, mtoto mchanga atatuonyeshaje njia?" nikasema, nikacheka peke yangu.

Mwalimu hakuniangalia. Alishusha sauti. "Anafanya nini, huyo mtoto?"

"Ananiangalia tu."

"Kuna neno unataka kumwambia?"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati hadi kwenye ndoo nje ya mlango. "Nataka kumwambia kwamba gari nililipata," alisema Baba. "Nilienda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Nilienda mbali, lakini nililipata, na nikarudi nalo. Nilipofika mama yake alikuwa ameshamfunika."

Ndipo Mama alipoinuka. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Baba, sentimita ya kushonea bado ikining'inia shingoni. Nilidhani atakemea. Alisema, "Muulize kama anasikia baridi."

Baba hakugeuka. "Mama yako anauliza kama unasikia baridi." Akangoja, kama mtu anayesikiliza kweli. "Anasema hapana. Anasema ulimfunika vizuri."

Mama aliweka mkono begani mwa Baba. Sikuwa nimewahi kuwaona wakigusana mbele yangu, isipokuwa kusalimiana kwa mkono. Mwalimu alianza kufunga kitabu polepole. "Tupumzike hapo kwa leo."

"Hapana, Mwalimu," akasema Baba. Alipangusa uso kwa kiganja. "Tumalize. Yule nahodha bado hajatuambia njia."

Basi tukamaliza. Mama hakurudi kwenye cherehani. Aliketi miguuni pa kitanda changu, na ilipofika zamu ya kumshawishi nahodha wa wafu, yeye ndiye aliyeokota dadu ya pande ishirini, akairusha juu ya blanketi. Ilionyesha mbili.

"Hii ni mbaya?"

"Mbaya sana, Mama."

"Basi mwambieni mimi ni mgeni, anisamehe," akasema, na Mwalimu akaamua kwamba nahodha amesamehe.

Jumapili hiyo Baba hakuondoka baada ya ibada. Tulikula mchana, kisha wakanieleza, wakipokezana. Nilikuwa na kaka. Aliugua homa asubuhi moja huko Moi's Bridge na hakuifikia jioni. Mama alisema hakuweza kuendelea kupita mbele ya nyumba ile, ndiyo maana akahamia Eldoret. Kwa miaka yote hiyo hawakumzungumzia, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake. "Nilifikiri anadhani nilichelewa," Baba aliniambia, ingawa Mama alikuwa ameketi palepale. Mama akajibu, akiniangalia mimi pia, "Nami nilifikiri anadhani sikumwangalia mtoto."

Plasta ilitolewa. Likizo ilipofika nilikuwa naweza kutembea kwa mikongojo, nasi tukaenda Moi's Bridge, watatu. Mama alinionya njiani kwamba huenda tusilione kaburi, kwamba majani yatakuwa yamelimeza. Liko nyuma ya kanisa dogo, kando ya shamba la mahindi. Tulikuta limepaliliwa. Lilizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na chokaa ilikuwa mpya.

Mzee aliyetunza uwanja wa kanisa alikuja kutusalimu. Mama akamwuliza nani anayepalilia.

"Si ni huyu karani wa stoo," akasema mzee, akimwonyesha Baba kwa kidevu. "Kila Jumatano saa ya chakula. Hamkujua?"

Mama alimwangalia Baba muda mrefu. Baba aliangalia mahindi. Mara nyingi Mama alikuwa amemlaumu kwa kutotafuta kazi Eldoret akae na sisi, na siku zote Baba alijibu kwamba kazi ni ngumu kupata. Sasa Mama alichutama, akang'oa jani moja lililosahauliwa, akamwambia, "Ungenipeleka, baba watoto." Yeye akajibu, "Ungekuja?" Mama akafikiri, akasema hajui. Mwaka uliofuata Baba alipata kazi mjini kwenye kinu cha unga, akaja kuishi nasi. Jumatano ikawa Jumamosi moja kila mwezi, wakienda wote wawili.

Mita mia nane sikuzikimbia tena kwa ushindani. Mguu mmoja ulipona ukiwa mfupi kidogo. Mpiga kasia na mwindaji walifika nyumbani siku moja ya mvua ya mawe, na Mama akatupikia kuku. Kanisani, akina mama walipomwuliza ana watoto wangapi, nilimsikia kwa mara ya kwanza akijibu, "Wawili. Mmoja alitangulia."

Mwalimu alihamia kwao Ziwani nilipokuwa kidato cha nne. Asubuhi ya kuondoka nilimsaidia kupakia vitabu kwenye pikapu, nikamwuliza kama siku ile alijua habari za kaka yangu.

"Sikujua," alisema. "Nilikuwa nimeandaa nahodha tu. Nilipomwona baba yako ameweka kikombe chini niliogopa sana." Akafunga kamba, akaikaza. "Unajua, msimamizi hamimini maziwa. Kitabu hakiruhusu. Lakini nami nilikuwa na mtu wa kumwita."

Nilijua anamsema mkewe. Nikamtakia safari njema. Neno lake lile lilinisumbua hadi nilipofika chuo, nikamwandikia barua, nikamwuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Jibu lake lilikuja na karatasi tisa, zimeandikwa pande zote mbili.