Baraka Aliyoimeza Bibi Ghati

Cha, cha, cha-cha. Njuga za Bibi Ghati, mama yake baba, hazikulia kama kengele ya shule. Mlio wake ulikuwa mzito, wa chuma kilichozoea vumbi, na ukiusikia ukiwa bondeni unachota maji ulijua nyumbani kuna jambo jema. Alizifunga mtu akioa, mtoto akipona, ulezi ukijaa ghalani. Kule kwetu Kerende hakuna aliyeziogopa. Hata mimi sikuziogopa, mpaka nilipoanza kwenda kwenye banda la video pale Nyamongo.

Nilipomaliza darasa la saba, mimi na rafiki yangu Rhobi tulishinda humo tukisubiri matokeo. Nilipenda sinema kuliko ugali. Humo njuga zikilia tu, ujue mtu anakufa. Anatokea bibi kizee kajipaka majivu, anacheza macho yamemtoka, moshi unafuka, anamtemea binti mate, binti chali! Mtafsiri wa sinema anapaza sauti, "Mchawi huyo, kimbia!" Nasi tunapiga kelele, tumekumbatiana kwa raha.

Basi nikafaulu. Asubuhi ya kwenda sekondari Mugumu, sanduku likiwa limeshafungwa kwenye bodaboda, Bibi akatoka na njuga miguuni. Magoti yalimuuma siku nyingi, lakini alicheza, akikanyaga kwa kufuata nyuzi za litungu alilopiga jirani yetu, jasho likimtiririka shingoni. Kisha akapiga funda la maji ya ulezi kutoka kwenye kibuyu, akanijia. Nyumbani kwetu anayesafiri hutemewa kifuani na mzee wa nyumba. Ndiyo baraka yake. Dada zangu wote waliondoka na kifua kilicholowa.

Rhobi akasema, "Wee Bhoke, kumbe bibi yako ndiye yule wa kwenye sinema!"

Watoto wakaangua kicheko. Nami, ili nisichekwe, nikanyanyua mikono kama yule binti, nikapiga yowe, "Mchawi huyo, kimbia!" Nikakimbilia bodaboda.

Litungu likanyamaza. Bibi alibaki amesimama, mashavu yamejaa. Asingeweza kunijibu, maana mdomoni mlikuwa na baraka yangu. Pikipiki ilipoondoka niligeuka, nikamwona ameinamisha kichwa, anaimeza polepole.

Likizo nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba. Umekonda, mjukuu wangu, kula." Basi. Sikuomba radhi; nilidhani muda upo. Njuga zilikuwa zimetundikwa jikoni, na hakuzifunga tena kwa ajili ya mtu yeyote. Alifariki nikiwa kidato cha pili, mwaka ambao hata shule niliiacha. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu huyo ni mimi.

Siku hizi sinema ziko kiganjani, na yule bibi wa majivu bado yumo, anaua mabinti. Nina ndoto, nichekeni tu, ya kupiga sinema yangu kwa simu hii hii iliyopasuka kioo, ambamo njuga zikilia mtu anapona.

Jumapili iliyopita, wenzangu wa nyumbani wakiwa kanisani, nilizitungua njuga za Bibi kule jikoni. Nikazipangusa kutu, nikazifunga, nikacheza uani peke yangu, vibaya kweli. Kisha nikapiga funda la maji ya ulezi, nikainamia kifua changu. Nikashindwa. Baraka hutoka kinywani mwa mwingine. Nikasimama pale mashavu yamejaa, mpaka nikayameza maji yale.