Jumamosi ya Irja

Irja Väisänen alianza kwa kuwaimbia ng'ombe, na mpaka leo wako watu hapa kijijini Haukilampi wanaosema hakupata tena wasikilizaji wazuri kama wale. Alikuwa na miaka minane baba yake alipouawa vitani. Walibaki wawili, yeye na mama yake Saima, pamoja na ng'ombe saba wenye tabia ya kupotelea msituni. Jioni Irja alipanda juu ya jiwe nyuma ya zizi akawaita kwa sauti nyembamba, ndefu, isiyo na maneno, nao wakaja mmoja mmoja. Siku akiwa na mafua hawakuja. Walisimama huko huko kama wanaoulizana huyu ni nani, ikambidi Saima ajifute mikono, atoke awaite mwenyewe.

Mpiga kinanda wa kanisa alikuwa anavua samaki ng'ambo ya ziwa alipoisikia sauti ile. Alikuja na kofia mkononi kuomba msichana apelekwe mjini kusomea uimbaji. Saima alimpa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Na huko Helsinki atalala wapi?"

Alipojibiwa, akaenda kutafuta sanduku. Hakusema kwamba binti yake ana sauti nzuri. Kwetu mtu hamsifu mtoto wake, kama asivyotoka uchi barabarani. Kazi hiyo huachiwa watu wengine, nao watu wengine kwa kawaida hawaifanyi. Lakini Irja aliondoka na sanduku lile akiwa na kiu ya neno moja kutoka kwa mama yake, na kiu hiyo haikumwacha.

Alisoma, akaajiriwa kwenye opera, akaimba nyuma ya migongo ya waliojulikana. Alikuwa mjakazi anayeleta barua, mjakazi anayepokea makoti, mjane wa tatu, malaika wa nyuma ya pazia. Kila kiangazi alirudi nyumbani kukusanya majani makavu ya ng'ombe, na kila kiangazi Saima alimuuliza kama chumba chake cha Helsinki kina joto. Basi.

Februari ya mwaka 1961 alipata hatimaye nafasi kubwa, ya mama anayemwombea msamaha mwanawe aliyehukumiwa kifo. Tena redio ingeirusha opera nzima moja kwa moja. Irja alimwandikia Saima kadi: "Jumamosi saa moja jioni. Ni mimi nitakayeimba." Jibu halikuja, naye hakulitegemea.

Alhamisi mafua yakamshika. Hakumwambia mtu, maana kiongozi wa okestra angempa mwingine nafasi ile bila kupepesa macho. Alijifukiza chini ya taulo, akanywa asali mpaka ikamkinai, na Jumamosi akasimama jukwaani akaimba. Hakuna aliyegundua kitu. Kiongozi mwenyewe alimbusu mkono.

Ila kabla ya hapo, akiwa bado anapakwa rangi usoni, alikuwa ameitazama saa ya ukutani na moyo ukampiga paa. Jumamosi, saa moja jioni! Aliandika kadi ile kama mtu aliyezaliwa mjini. Saa hiyo Haukilampi nzima iko sauna, watu wamekaa uchi kwenye mvuke, wanajichapa kwa matawi. Saima aliingia sauna hata Jumamosi ile ya wiki aliyoletewa habari ya kifo cha mumewe. Redio ingemwimbia paka. Irja aliimba maombi ya mama yule akijua kwamba mama yake hasikii, na machozi waliyoyasifu watu magazetini yalikuwa ya kweli.

Alhamisi iliyofuata kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na skafu ya sufu na chupa mbili za juisi ya yale matunda meusi ya nyuma ya zizi. Alikikung'uta, akageuza hata karatasi ya kufungia. Hakukuwa na barua. Mafua yalikuwa yameshaisha na alikuwa ameyasahau. Alichokiona ni kwamba ameimba mbele ya nchi nzima, na mama yake anamtumia vitu vya stoo. Alimimina juisi kwenye sinki, chupa zote mbili.

Nafasi kubwa ya pili haikuja. Akarudia ujakazi wake kwa miaka ishirini na sita, akaifanya kazi kwa uaminifu, na kila kiangazi akarudi kwenye majani. Hakuuliza. Mama yake hakusema. Wakati mwingine, walipokuwa wamekaa ngazini bila neno, Irja alitamani kumshika mabega mwanamke yule na kumtikisa.

Alipostaafu alirudi moja kwa moja. Ng'ombe walikuwa wameshauzwa, na Saima, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa anatembea kwa kushika meza. Jumamosi ya kwanza Irja aliingia sauna na jirani yao Taimi, aliyekua naye pamoja, mwanamke asiyejua kubana mdomo.

"Mama yako alitutia wazimu mwaka ule wa redio yako," Taimi alisema, akimwaga maji kwenye mawe.

"Mwaka gani?"

"Usijifanye! Alikoka moto wa sauna saa sita mchana! Jumamosi, saa sita! Mume wangu akasema, nenda kamwangalie Saima, amerukwa na akili. Nikamkuta ameshaoga, amevaa gauni la kanisani, amekaa mbele ya redio wima kama askari. Ananiambia, 'Taimi, kaa au toka, lakini funga mlango.'"

"Na wewe?"

"Nikatoka, shoga. Kusikiliza watu wakiimba kwa masaa matatu, nani anaweza? Mwenzangu, mbona unalia? Nimezidisha mvuke?"

Irja hakungoja kukauka. Alivuka ua kwenye theluji na nywele zake zikitoa mvuke. Saima alikuwa jikoni, anamenya viazi.

"Mama, ile Jumamosi ya redio. Ulinisikia?"

"Funga mlango, baridi inaingia." Saima alimaliza kiazi alichokishika. "Nilikusikia. Ulikuwa na mafua."

Irja akakaa. Watu elfu moja ukumbini hawakuyasikia yale mafua.

"Ulijuaje?"

"Ulipopanda juu, sauti iliingia puani. Vile vile kama utotoni. Nikajisemea, leo hata ng'ombe mmoja hatakuja." Midomo ya mzee ilichezacheza. "Lakini ulipomwombea yule kijana, mimi ningekuja."

Lilikuwa ndilo neno lenyewe. Irja alikuwa amelisubiri tangu siku ya sanduku, na sasa lilipofika alikuwa na miaka hamsini na mitano, hana jukwaa tena.

Saima alichukua kiazi kingine, akakigeuzageuza bila kukimenya.

"Jumatatu yake nilikwenda posta kwa miguu, basi lilikwama kwenye theluji. Niliogopa mafua yasikushukie kifuani, huko peke yako." Akamtazama. "Ile juisi, ulikunywa ikiwa moto? Ilikusaidia?"

"Ilinisaidia, mama," Irja akasema. "Nilikunywa yote."